Mkono Wenyewe: "Uwindaji wa Sungura" wa Pieter Bruegel

Picha zaidi ya 60 zilichapwa kutokana na michoro ya Pieter Bruegel Mkubwa. Kati ya hizo ni moja tu inayokubaliwa kuwa aliichora juu ya bamba la shaba kwa mkono wake mwenyewe, nayo ni "Uwindaji wa Sungura" ya mwaka 1560. Ilitolewa Antwerp na Hieronymus Cock, ambaye duka lake lilijulikana kwa jina la Pepo Nne. Upana wake haufiki sentimita 30.

Kwa desturi, Bruegel alichora kwa kalamu na wino, kisha mafundi wakauhamishia mchoro kwenye shaba. Mandhari zake kubwa za milima, zilizotoka yapata mwaka 1555, zilipitia mikononi mwa ndugu wawili, Jan na Lucas van Doetecum. Hao walitumia tindikali, lakini kwa ustadi ulioiga mistari ya chuma cha kuchongea: mistari mirefu, yenye nidhamu, inayonenepa na kukonda kwa mpango. Kazi yao ni nzuri, ila ni tafsiri; na kila tafsiri ina sauti ya mfasiri.

Katika "Uwindaji wa Sungura" mfasiri hayupo. Bamba hupakwa nta, sindano huikwaruza, kisha tindikali huila shaba pale tu ilipofichuliwa. Kwa kuwa nta haina ukaidi wa shaba, sindano huweza kwenda kama kalamu, na ndivyo Bruegel alivyoiendesha. Majani ni vitone na vikunjo vifupi. Nyasi ni mikwaruzo ya haraka. Bonde la mto lililo mbali limeguswa kidogo tu, hata karatasi tupu ikawa ndiyo mwanga. Mchoro wa kalamu uliotangulia, uliohifadhiwa Paris katika mkusanyo wa Frits Lugt, unathibitisha ujamaa huo wa mikono miwili.

Wapo wanaoiona picha hii kuwa hafifu, na lawama hiyo ina chembe ya haki. Wino wake haukolei, na vilivyo karibu havijitengi vya kutosha na vilivyo mbali. Lakini wepesi huo huo ndio unaobeba maana. Mwindaji ameinama na upinde wake wa mtambo, akiwalenga sungura. Nyuma yake, penye mti, ananyemelea mtu mwenye mkuki mrefu. Wahakiki wamekihusisha kisa hiki na methali za aina alizokusanya Erasmus, na si ajabu: mwenye kuwinda naye anawindwa. Ila Bruegel hakumtia adui wino mzito wala kumweka penye mwanga. Amemchora kwa vitone vile vile vya magome na majani, hata mtazamaji, aliyezama katika uzuri wa bonde, humkuta kwa kuchelewa. Uzembe wa mwindaji huwa ndio uzembe wa mtazamaji.

Bruegel alifariki mwaka 1569, na hakuna bamba la pili linalojulikana kuwa la mkono wake. Fundi hodari angeweza kuukoleza wino na kuzitenga sehemu; angemwonyesha na mwenye mkuki mapema mno, na picha ingebaki kuwa methali iliyopambwa kwa milima.