Ndege Waliochekwa: Uhakiki wa Tamasha la Nyimbo Bila Ala

Mwezi uliopita nilihudhuria hapa Bujumbura tamasha la kwaya ya vijana wanane. Waliimba bila ala yoyote, na nyimbo zote zilihusu ndege. Katika insha hii nitahakiki nyimbo mbili tu, kwa sababu moja ilinifurahisha na nyingine iliniumiza.

Wimbo wa kwanza ni Le chant des oiseaux wa Clément Janequin, mtunzi Mfaransa wa karne ya 16. Umetungwa kwa sauti nne, na sehemu yake kubwa ni tanakali sauti, kama sisi tunavyosema jogoo huwika kokoriko. Waimbaji walirushiana silabi hizo kwa kasi, huyu akianza kabla mwenzake hajamaliza, mpaka ukumbi ukawa kama mwembe alfajiri. Alipotokea kekeo, ndege anayetaga katika viota vya wengine, akafukuzwa kwa kuwa ni msaliti. Watu walicheka. Kicheko hicho kilistahili, maana wimbo wenyewe una mzaha.

Wimbo wa pili ni Trois beaux oiseaux du Paradis. Maurice Ravel aliandika maneno na muziki wake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ukachapishwa mwaka 1916. Ndege watatu wa peponi, wenye rangi za bendera ya Ufaransa, wanamjia mwanamke ambaye mpenzi wake yuko vitani. Wa kwanza analeta mtazamo wa macho, wa pili busu, wa tatu moyo mwekundu. Hakuna anayetamka kwamba mtu amekufa. Msikilizaji anaelewa mwenyewe.

Kwaya iliunganisha nyimbo hizi bila kupumzika, na waimbaji wawili wakaendelea kupiga miluzi ya ndege chini ya sauti ya soprano. Ndege wa tatu alipofika, watu walicheka tena. Mimi sikucheka. Kaka yangu aliwahi kuwa askari Somalia kwa mwaka mzima, na mwaka ule mama alikuwa hapokei simu yenye namba asiyoijua. Alinipa mimi niipokee.

Siwalaumu wasikilizaji. Wengi wao wanakijua Kifaransa vizuri, lakini wimbo wa kwanza uliwazoesha kwamba ndege ni kichekesho, na hakuna aliyewaonyesha kwamba mambo yamebadilika. Walimu wetu hutufundisha kuwa fani na maudhui havitengani. Ndege wa Janequin wanaimba. Ndege wa Ravel wanaleta habari. Mluzi uliojenga maudhui ya wimbo wa kwanza uliyabomoa ya wa pili.

Naipongeza kwaya kwa pumzi na usahihi wa sauti zao. Wakirudia tamasha hili nitakwenda tena. Ninawaomba jambo moja tu: wanyamaze nusu dakika kati ya nyimbo hizo mbili, kisha wawaache ndege watatu waje bila miluzi.