Kalamu ya Roosevelt

Jioni ya Jumapili, 7 Desemba 1941, saa chache baada ya ndege za Japani kuishambulia Pearl Harbor, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alimwita karani wake, Grace Tully, akamsomea kwa imla hotuba ya kutolewa Bungeni kesho yake. Alitamka mpaka alama za uandishi, mkato kwa mkato. Karatasi zilipokwisha kupigwa taipu, rais akashika kalamu. Rasimu hiyo imehifadhiwa hadi leo, na masahihisho ya mkono wake yanaonyesha jinsi sentensi moja ya Kiingereza ilivyogeuka kwa kubadilishwa maneno machache tu.

Mwanzoni, sentensi ya ufunguzi ilisema kwamba siku ya jana ingedumu katika "world history", yaani historia ya dunia, na kwamba Marekani ilishambuliwa "simultaneously and deliberately": kwa wakati mmoja na kwa makusudi.

Roosevelt alikata "world history", akaandika "infamy". Kisarufi hakuna kilichoguswa: nomino imeingia mahali pa nomino, nyuma ya kihusishi kilekile, "in". Kilichobadilika ni msimamo wa msemaji. Historia ya dunia hupokea mema na mabaya, ushindi na maafa, bila kumlaumu mtu. "Infamy" ni fedheha, na fedheha haikosi mwenyewe. Msikilizaji anapewa hukumu kabla hata jina la Japani halijatajwa.

Badiliko la pili halisifiwi sana, ingawa lina ufundi zaidi. "Simultaneously" lilitoka, "suddenly" likaingia. Silabi sita zikawa tatu, faida kubwa kwa hotuba iliyokuwa ikisikilizwa redioni. Lakini urefu si hoja pekee. Neno la kwanza linafaa ripoti ya kijeshi, kwa kuwa linaeleza jinsi mshambuliaji alivyopanga vikosi vyake. La pili, "ghafla", linaeleza yaliyomkuta aliyeshambuliwa.

"Deliberately" halikuguswa, ila jirani mpya alilipa makali. Sasa vielezi viwili vimesimama bega kwa bega vikitazama pande tofauti: kwa Wamarekani lilikuwa jambo la kushtukiza, kwa Wajapani lilikuwa mpango.

Kuna wakati alifikiria kuongeza maneno "without warning", yaani bila onyo, mwishoni mwa sentensi. Akayafuta. Mbali na kurudia kazi ya "suddenly", maneno hayo yangekaa mahali ambapo Kiingereza huweka uzito mkubwa. Yalipoondoka, mwisho wa sentensi ukabaki mikononi mwa "the Empire of Japan". Marekani inaanza kama kiima cha kauli ya kutendwa, mtenda anafunga.

Je, taarifa ya mashambulizi ya pamoja ilipotea? La, ilihamishwa. Habari mpya ziliendelea kuingia, na hotuba ikaongezwa sehemu nyingine zilizoshambuliwa. Siku iliyofuata, mbele ya Bunge, Roosevelt alizitaja Hong Kong, Guam, Ufilipino na kisiwa cha Wake, kila mahali kwa sentensi yake fupi, kila sentensi ikianza na "last night". Midway ikafuata, kwa "this morning". Kielezi kilichofutwa mwanzoni kilikuwa kimegeuzwa orodha, na wasikilizaji wakajionea wenyewe ukubwa wa operesheni hiyo, kisiwa baada ya kisiwa.