Dewey Amshinda Truman: Maneno Matatu ya Novemba 3, 1948

Miongoni mwa vichwa vya habari vyote vilivyopata kupigwa chapa, huenda hapana kilichochekwa kuliko kile cha gazeti la Chicago Daily Tribune la Jumatano, tarehe 3 Novemba 1948. Kilikuwa cha maneno matatu, kwa herufi kubwa mno: Dewey Amshinda Truman. Uchaguzi wa Rais wa Marekani ulikuwa umefanywa jana yake, na aliyeshinda ni Truman, kwa kura 303 za wajumbe wa uchaguzi dhidi ya 189 za Dewey. Tarehe 4, garimoshi lililokuwa likimrudisha Washington lilisimama katika stesheni ya St. Louis. Akapewa nakala ya gazeti hilo, akaiinua kwa mikono miwili huku akicheka, na wapiga picha wakafanya kazi yao.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na maelezo yake yanajulikana. Wapanga chapa wa Chicago walikuwa wamegoma tangu Novemba 1947. Maandishi ya gazeti yalikuwa yakipigwa kwa taipureta, kisha yakipigwa picha na kuchongwa katika mabamba. Kazi hiyo ilidai muda mrefu zaidi, na wahariri wakawa hawana budi kufunga ukurasa wa kwanza kabla kura hazijahesabiwa za kutosha. Arthur Sears Henning, mwandishi wa gazeti hilo aliyekuwa Washington, alikuwa mkongwe wa kazi aliyeaminiwa, naye alisema ni Dewey. Wala hakuwa peke yake: jarida la Newsweek lilikuwa limewauliza wajuzi 50 wa siasa, na wote 50 wakamtaja Dewey. Basi nakala zipatazo 150,000 zikapigwa chapa.

Yote hayo tunayakubali. Lakini mgomo waeleza saa, hauelezi kitenzi. Mhariri asiye na habari kamili bado ana sarufi nzima mbele yake, na hapo ndipo sisi wa taaluma ya lugha tunapokuwa na neno la kusema.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu kichwa hicho wakitie katika Kiswahili. Takriban wote huandika Dewey Amshinda Truman, bila kusita, kwa kuwa hivyo ndivyo magazeti yetu yaandikavyo: Waziri Afungua Daraja, Basi Lapinduka, Wezi Wanaswa. Nikiwauliza ni njeo gani hiyo, hujibu kama walivyofundishwa shuleni kwamba ni -a- ya hali isiyodhihirika. Sijui aliyebuni istilahi hiyo alikuwa akifikiria nini, ila hapana gazeti lililopata kuistahili zaidi kuliko Tribune la siku ile. Hali ilikuwa haijadhihirika kabisa.

Vitabu vingi vya sarufi huipitia -a- hii kwa haraka, kana kwamba ni ndugu mchovu wa -na- aliyebakia kwa wazee wa pwani. Nadhani vinaionea. Katika kichwa cha habari, -a- haisemi kwamba jambo linatendeka sasa, maana basi limekwisha pinduka na daraja limekwisha funguliwa. Kazi yake ni kuliondoa jambo katika wakati, likasimama peke yake bila jana wala kesho, na bila shahidi. Mwandishi wa Amemshinda hudaiwa ushahidi, kwani -me- yasema tendo limetimia na matokeo yake yapo mbele yetu. Mwandishi wa Atamshinda hujulikana kuwa mtabiri, naye husamehewa kama watabiri wote. Hata Kamshinda, ya mtu aletaye habari barazani, humlazimu msemaji awe ametoka mahali fulani. Amshinda haidai kitu.

Tena tazama umbo lenyewe. Katika Basi Lapinduka, -a- yasikika, imeungana na li- ikawa la-. Katika Amshinda haionekani kabisa: a- ya nafsi imeimeza a- ya njeo. Kinachobakia kututenga na dhamira nyingine ni irabu moja ya mwisho. Badilisha irabu hiyo, upate Dewey Amshinde Truman, nayo si habari tena bali ni dua. Tribune lilikuwa gazeti la upande wa Republican, na mwenyewe, Robert McCormick, hakuficha chuki yake kwa serikali ya Democrat. Lau gazeti hilo lingalikuwa la Kiswahili, kosa moja dogo la mpiga chapa lingaliliokoa: lingalitangaza matumaini yake kwa herufi kubwa, na hapana ambaye angalicheka. Naungama kwamba nisomapo vichwa vya magazeti yetu nyakati za uchaguzi, mara nyingine huishuku irabu hiyo ya mwisho.

(Kuhusu kitenzi chenyewe, Kiswahili kina huruma kuliko Kiingereza. Kushinda ni kupata ushindi, na ni kukaa kutwa pia. Kwa maana hii ya pili Dewey naye alishinda Jumatano ile, kama tushindavyo sote.)

Jambo moja halitajwi sana na wanaocheka. Juu ya maneno yale matatu, ukurasa huohuo ulikuwa na kichwa kingine, kilichosema kwamba ushindi mkubwa wa Republican jimboni Illinois ulikuwa ukiashiriwa. Nacho hakikusimama. Illinois ilimpa kura Truman. Ugavana ukachukuliwa na Adlai Stevenson, na kiti cha Seneti na Paul Douglas, wote wawili wa Democrat. Katika toleo la baadaye la asubuhi ileile, gazeti likabidi litangaze kwamba Democrat wamezoa vyeo vya jimbo. Kwa hiyo ukurasa ule ulikosea mara mbili, na ulimwengu ukacheka mara moja.

Tutaambiwa kwamba sababu ni ukubwa wa jambo: Rais si gavana, na Truman hakuinua gazeti juu kwa ajili ya Illinois. Hoja hiyo ina uzito, wala siipuuzi; bila picha ile pengine tusingekumbuka chochote. Hata hivyo nawaomba wenzangu wavisome vichwa viwili hivyo kwa pamoja, kama nilivyofanya darasani. Waashiriwa huacha mlango wazi nyuma ya msemaji. Aongoza pia ni kitenzi cha adabu: aongozaye aweza kupitwa, na aliyeandika asiwe mwongo. Amshinda imefunga milango yote, kisha ikaitupa funguo. Wanafunzi wangu hupenda kusema kwamba kosa la Tribune ni la ukweli na si la lugha. Mimi nasema ukweli ulikosekana katika vichwa vyote viwili; lugha ilikosekana katika kimoja.

Je, Kiswahili kingaliwapa wahariri wale umbo lifaalo? Kingaliwapa, tena lililo fupi. Kiingereza huhitaji maneno kadhaa kusema kwamba jambo halijawa ingawa lingali likitazamiwa; sisi tuna -ja-, silabi moja. Dewey Hajamshinda Truman: kichwa hicho kingalikuwa kweli usiku wa manane wahariri walipokuwa wakiufunga ukurasa, kingalikuwa kweli asubuhi magazeti yalipouzwa, na kingali kweli hata leo, ijapokuwa Dewey alifariki mwaka 1971 na Truman mwaka 1972, na lile tarajio dogo lililomo ndani ya -ja- limekwenda nao.