Ufundi wa Kuona Mbele

Katika michezo ya ubao, ufundi ni uwezo wa mchezaji kuziona hatua ambazo bado hazijachezwa, kuzipima moja baada ya nyingine, kisha kuchagua moja na kuibeba dhamana yake. Nchini Japani ufundi huo ni kazi ya maisha mazima, hata kwa wanawake. Katika Go, mchezo wa kuzingira eneo kwa vijiwe vyeusi na vyeupe juu ya makutano 361 ya mistari, Fujisawa Rina aliingia katika safu ya wachezaji wa kulipwa mwaka 2010 akiwa na miaka 11, akapanda ngazi za umahiri ziitwazo dani, na mwaka 2020 akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kutwaa taji rasmi lililo wazi kwa wanaume pia.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake katika sataranji, yenye kete 32 juu ya miraba 64, kinyume kabisa cha bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64. Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala, alikuwa ameacha shule kwa kukosa karo alipojiunga na watoto ambao Robert Katende aliwafundisha sataranji na kuwapa uji; baada ya Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul mwaka 2012, alitunukiwa hadhi ya kwanza katika ngazi za umahiri wa wanawake.

Heshima kuu ya ufundi huu huonekana mchezo ukiisha, pale mshindi na mshinde wanapozirudia hatua zao pamoja ili kutafuta kosa lilipoanzia, kwa kuwa ubao haujui jinsia wala ukoo wa aliyeketi mbele yake, na kila hatua hujibiwa kwa hoja.

Kitale na Bungoma, miji ya magharibi mwa Kenya ambako barabara ya kwenda Kampala kupitia mpaka wa Malaba haiko mbali, haikosi wasichana wenye akili ya namna hiyo. Wanachohitaji ni mwalimu wa kuwaongoza, ngazi za kupanda, na saa za mazoezi ambazo kuchota maji na kulea wadogo zao hakutazimaliza. Jamii inayowalindia saa hizo itakuwa imekubali kwamba kufikiri kwa msichana ni kazi yenye thamani.