Hongera, Safari Rally

Mtu wa Kyela, Tanzania, aliyeshuhudia gari likikwama kwenye tope la masika, kando ya mashamba ya mpunga, anaijua nusu ya sifa ya Safari Rally. Mashindano hayo ya magari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua ikinyesha kwelikweli.

Kasi pekee haikutosha. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Joginder alikuwa fundi, akajua namna ya kulitunza gari lifike. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mara 5.

Mwaka 1973 mashindano hayo yaliingia kwenye ubingwa wa dunia, yakaondolewa baada ya 2002, kisha yakarejea 2021 huko Naivasha, Kenya. Njia sasa ni fupi, lakini mawe, vumbi na matope bado yanavunja shokapu za magari ya mamilioni.

Hongera kwa madereva, na zaidi kwa mafundi wanaolifufua gari kabla ya siku ya pili. Vijana wetu wa gereji za Kyela hufanya kazi hiyohiyo kila masika. Nao wanastahili kupigiwa makofi.