Pikapu Inayochemsha: Namna ya Kuitambua Kazi Safi ya Rejeta

Toyota Hilux LN106, ile dabo kebini iliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 1997 na kufungwa injini ya dizeli ya 3L, ilitoka kiwandani na mfumo wa kupoza uliotosha kazi yake. Ikichemsha leo, tafuta sababu katika yale iliyofanyiwa baadaye: springi zimeongezwa pleti ili ibebe mzigo ambao haikuundiwa, imefungwa AC, mbele imewekwa bampa la chuma na taa kubwa zinazoziba upepo, na ndani ya kori ya rejeta kumegandamana chokaa ya maji ya kisima ya miaka na miaka. Au injini yenyewe imeng'olewa ikawekwa 5L, au 2L-T yenye turbo, ambayo silinda hedi yake ina sifa mbaya ya kupasuka. Mwenye gari anakwenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kuulizia rejeta kubwa, na hapo ndipo anapoanza kupotea, maana anaipima rejeta kwa unene.

Maji ni mchukuzi tu. Hupokea joto kwenye silinda hedi, hulitua kwenye rejeta, kisha hurudi kuchukua jingine. Anayeondoka nalo ni upepo. Kati ya robo na theluthi ya nishati ya dizeli inayoungua hupitia njia hiyo, na yote sharti ipenye kwenye mapezi membamba ya rejeta. Kwa hiyo mtu anayejua haanzi kuuliza rejeta ina safu ngapi. Anauliza upepo utapita wapi. Rejeta yenye safu nne za mirija inavutia ukiishika, ila safu ya nyuma hupigwa na hewa iliyokwisha kupashwa moto na zile tatu za mbele, na unene wote ule unaichosha feni. Ikiwa ipo nafasi ya kuongeza upana au urefu wa uso unaotazama mbele, ongeza huo kwanza. Ikiwa haipo, na kwenye Hilux ya zamani mara nyingi haipo, safu tatu zilizotengenezwa vizuri zinazishinda nne zilizobanana.

Halafu kuna ubishi wa kopa na alumini, ambao kwenye vijiwe vya gereji hauishi. Wanaopenda kopa wanasema kweli kwamba inapitisha joto zaidi ya mara moja na nusu kuliko alumini. Wanachosahau ni kwamba rejeta ya kopa si kopa tupu: mapezi ni kopa, mirija ni shaba njano, na vyote vimeshikanishwa kwa lehemu ya risasi na bati, ambayo ni mpitishaji hafifu wa joto. Ya alumini huunganishwa kwenye tanuri, alumini kwa alumini, na mirija yake huweza kuwa mipana ikagusana na mapezi kwa eneo kubwa zaidi. Kwa kupoza peke yake, mbili zilizotengenezwa vizuri hazipishani sana. Zinapishana siku ya kutoboka. Kopa itazibwa Makambako, Singida au popote penye fundi wa lehemu na jiko lake. Ya alumini yenye matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno pembeni, plastiki ikipasuka, jiandae kununua nyingine. Kwa gari la mjini ningechukua alumini nzuri bila kusita. Kwa pikapu inayofuata mazao mashambani, kopa. Na zile alumini zinazong'aa kama kioo, zisizo na jina wala namba ya kipuri, zinazoning'inizwa mlangoni mwa duka: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kazi ya kopa ndiyo inayompambanua fundi. Akikwambia ameibadilisha kori, mwombe uione kabla hajafunga tangi la juu. Lehemu safi ni nyembamba na inang'aa. Imezama ndani ya mwanya na kuuzunguka kila mrija bila kukatika. Mabonge ya kijivu yaliyorundikana juu yanakuambia kwamba shaba haikusafishwa au haikupata moto wa kutosha, na mtetemo wa rafu rodi utayaachanisha. Angalia pia mirija iliyozibwa. Fundi mvivu akiona mrija unavuja huufunga kwa lehemu pande zote mbili na kuendelea na maisha. Mmoja au miwili si neno. Ikifikia nusu safu, umeuziwa rejeta ndogo kwa bei ya kubwa. Kisha pitisha ukucha polepole kwenye mapezi. Yaliyoshikana na mirija ni magumu. Yanayolegea na kucheza yameshaachana nayo, na joto haliruki pengo hilo hata likiwa dogo vipi. Kuhusu wingi wa mapezi, usidanganyike: yaliyosongamana yanafaa barabara ya lami, lakini kwenye vumbi, tope na mbegu za nyasi yanaziba baada ya msimu mmoja, na ukiyapiga maji ya presha yanalala.

Jaribio la maji ni la kale na bado halijapata mpinzani. Rejeta isimamishwe, mdomo wa chini uzibwe kwa kiganja, ijazwe hadi juu, kisha kiganja kiachiwe. Maji yatoke kwa kishindo, yajae mdomo mzima. Yakitoka kwa unyonge, mirija imeziba, na hapo usikubali kuambiwa kwamba itajisafisha yenyewe njiani. Baada ya hapo ipigwe upepo wa baa moja hivi na kori nzima izamishwe kwenye pipa. Kiputo kimoja kinachorudi mahali palepale ni tundu, hata kama kinachukua muda kujitokeza. Fundi anayepuliza upepo mwingi kupita kiasi ili aonyeshe ubabe anaweza kuiharibu kazi yake mwenyewe.

Sasa njoo nyuma ya rejeta, mahali ambapo wateja wengi hawatazami na kazi nyingi huharibikia. Kava la feni, lile duara la plastiki linaloizunguka feni, ndilo la kwanza kupotea gari likibadilishwa injini, kwa kuwa halikai sawa na feni mpya na fundi ana haraka. Bila kava, feni huvuta hewa kutoka pembeni mwa mapanga yake, hewa ya moto ya injini ileile, na kuiacha ya mbele. Katika kazi nzuri utakuta kava limekatwa na kutengenezwa upya ili karibu nusu ya kina cha mapanga ikae ndani yake, na pengo kati ya ncha za mapanga na ukingo lizidi kidogo tu sentimita mbili. Likiwa dogo zaidi ya hapo, injini ikicheza kwenye maunti zake feni italikwangua. Kisha angalia kandokando: kati ya rejeta na fremu, juu yake, na kati yake na kondensa ya AC. Kiwandani sehemu hizo huwa na mipira au sponji, na sponji hizo ndizo hutupwa kwanza gari likifumuliwa. Hewa hupita penye wepesi; ikipata mwanya wa vidole viwili pembeni, haitajisumbua kupenya kwenye mapezi. Jaribu kwa karatasi ya daftari: injini ikiwa ya moto na inaunguruma taratibu, ibandike karatasi mbele ya grili, katikati na kwenye kila kona. Inaponata, feni inavuta. Inapoanguka, uliza kwa nini.

Feni yenyewe huendeshwa na klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, na mbele yake kuna springi ndogo ya chuma inayohisi joto la hewa iliyopita kwenye rejeta. Zima injini iliyo ya moto, kisha isukume feni kwa mkono: ikizunguka kwa uhuru mara mbili au tatu, klachi imekufa. Alama ya mafuta yenye vumbi kuzunguka kitovu chake inasema hivyohivyo. Fundi stadi huifungua, huisafisha na kuiongeza mafuta ya silikoni yanayostahili. Fundi wa njia ya mkato huipiga bolti ikazunguka na injini muda wote. Itapoza, sikatai. Ila itanguruma kama trekta, itakula nguvu na dizeli, na beringi za wota pampu zitalipia. Feni mbili za umeme ni mtindo unaopendwa sasa. Kwa foleni za mjini zina faida, lakini zile za bei rahisi hazivuti hewa nyingi kama feni ya mapanga yenye kava zuri inavyovuta gari likipanda mlima na mzigo, na zinaitaka altaneta kutoa umeme ambao haikuundwa kuutoa.

Kuhusu thamostati sina subira. Fundi anayeing'oa ili gari lisichemshe ameficha ugonjwa, na mara nyingi ameuongeza. Katika injini nyingi za Toyota za aina hii, thamostati ina kazi mbili: juu hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na chini hufunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini. Ukiiondoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka bila kuiona rejeta kabisa. Thamostati hupanga joto la chini ambalo injini isishuke chini yake. Haipangi la juu. Kwa hiyo hata kuweka inayofunguka nyuzi 76 badala ya 82 hakutakusaidia katikati ya mlima, maana kufikia hapo zote mbili zimeshafunguka hadi mwisho. Ipime kabla haijafungwa: sufuria, maji na kipimajoto. Ile ya nyuzi 82 ianze kufunguka karibu na hapo, na ifikapo 95 iwe wazi milimita 8 au zaidi. Ikiwa na kipini kidogo kinachochezacheza, kikae upande wa juu ili hewa ipate pa kutokea.

Mfuniko ni kitu kidogo, na ndicho ninachopenda kumjaribia fundi. Muulize ameweka wa presha gani. Mfuniko wa baa 0.9 huyafanya maji yachemkie karibu nyuzi 118 usawa wa bahari. Bila presha, ukiwa Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu, maji huchemka karibu nyuzi 95 tu. Basi gari linalopanda mlima wa Kitonga na mfuniko uliolegea linaweza kumwaga maji hata kama injini haijapata moto wa kutisha. Anayekushauri kuweka wa 1.3 ili kuongeza nguvu hajaondoa joto hata chembe. Ameongeza tu mzigo kwa mipira na maungio ya zamani. Na mfuniko haufunguliwi ukiwa wa moto, hata kwa kitambaa, hata kwa haraka.

Mpira wa chini wa rejeta uwe na springi ndani, au uwe mgumu vya kutosha usifyonzwe ukabanana injini ikienda kasi. Kanyaga mafuta huku mwenzako akiutazama. Kulanti isinunuliwe kwa rangi, kwa kuwa rangi si kipimo cha kilichomo. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ni wa kuzuia kuganda, na isipokuwa gari linalala Makete mwezi wa Juni au Julai, huhitaji kiasi hicho. Unachohitaji ni dawa ya kuzuia kutu, kwenye maji yaliyokenekwa au ya mvua safi. Maji ya kisima cha pwani yaache yaoshee matairi. Ikiwa rejeta ni ya alumini, chovya waya mmoja wa mita ya umeme kwenye maji yake, na mwingine ushike hasi ya betri huku taa na feni vinafanya kazi. Ikizidi volti 0.3, ethi ni mbovu na umeme unaila rejeta polepole.

Kipimo cha dashibodi usikiamini peke yake. Maji yakiisha, sensa hubaki hewani na mshale huweza kushuka wakati injini inaungua. Fundi mzuri hukushauri kuongeza geji yenye namba. Mwenye bunduki ya kupimia joto ataizungusha kwenye kori nzima gari likiwa na moto wake: joto lipungue kwa mpangilio kutoka maji yanapoingia hadi yanapotokea, na pembe iliyobaki baridi ni mirija isiyopitisha maji.

Kisha gari lipandishwe mlima na mzigo wake wa kawaida, AC ikiwa imewashwa, na lilale hadi asubuhi. Kabla ya kuwasha, angalia chupa ya akiba: maji yawe yamerudi kwenye rejeta na kimo kiwe kilekile cha jana. Washa, ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, wakati injini bado ya baridi, ni gesi ya silinda inayopenya, na kupungua kwa maji bila tone chini ni ushahidi wa pili. Ile dawa ya buluu inayobadilika rangi ikikutana na moshi itakuthibitishia. Fundi anayeijua kazi yake angeyapima hayo kabla ya kukuuzia rejeta, akakuambia hela hiyo uipeleke kwenye silinda hedi na gasketi yake.