USB/IP kwa imprimanti? Hapana

Wandugu, mwenye sekretaria huku kwetu, Kasongo ao Kabambare, akiwa na kompyuta tatu na imprimanti moja, kuko wenye watamwambia: weka USB/IP. Mimi nakubali nusu tu.

Programu hii ni ya bure, na tangu 2014 iko ndani ya kiini rasmi cha Linux. Inachukua kifaa chenye kimechomekwa kwa kompyuta moja, inakipitisha kwenye rezo, na kompyuta ingine inakiona sawa vile kimechomekwa kwake. Kazi safi.

Lakini kifaa kinashikwa na kompyuta moja kwa wakati. Mwenzako akikishika, unangoja akiachilie. Wiki ya kutoa TFC, hapo ni foleni na kelele. Tena yenyewe haifichi data njiani, na flashi yenye virusi inafika na virusi vyake.

Kwa skana, sawa. Kwa imprimanti, mutumie CUPS ya Linux ao mugawe imprimanti kwa Windows: kila kompyuta inatuma, kazi zinapangwa moja nyuma ya ingine. Mbele ya kununua imprimanti ya pili, mujaribu hiyo kwanza.